Safu ya Saba

Ofisi imenituma na futikamba,
kalamu ya risasi, kalamu ya wino,
na fomu yenye safu saba.
Kazi yangu kupima. Kuamua si kazi yangu:
bwana Mwachiro amenikumbusha
huku akifunga mlango wa gari.

Safu ya kwanza: kuta.
Unene, sentimita hamsini na tano.
Mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu.
Nyufa, tisa.
Huu wa tisa naujua. Niliwahi kuusokotea
karatasi ya hesabu, kumi na nne kwa hamsini,
nikaona heri ilale humu kuliko kufika nayo Kibokoni.
Nachokoa kwa ncha ya kalamu. Hamna kitu.
Mchwa wamekwisha kuisahihisha.

Wahenga walituonya juu ya ufa,
hawakusema uzibwe na nini.
Palipobandikwa saruji ndipo panapooza.
Ukuta wa chokaa hupumua;
huzibwa pua, hufa,
kisha husemwa umezeeka.

Safu ya pili: paa.
Boriti za mkoko, kumi na sita kila chumba,
nyeusi, zimepinda kidogo
kama watu waliozoea kusikiliza.
Nagonga moja moja. Kumi na tano zanijibu.
Moja ni tupu ndani.
Naandika: moja.
Mwachiro atasoma: paa bovu.

Ngazi, vipandio saba.
Cha tatu kimelika katikati, kimekuwa kibia.
Si mvua iliyokila, mvua hula sawasawa.
Ni ndala, ni viatu vya kurithi,
ni nyayo za asiyekuwa na hivi wala hivyo
aliyepanda mbio ili asionekane miguu.

Safu ya nne: wanafunzi.
Mia moja na kumi na wawili.
Zamani darasa la pili peke yake tulikuwa sitini,
watatu kwa dawati,
Zuwena Shekue kila siku katikati
kwa sababu ya viwiko vyake.
Siku hizi kodi imepanda,
nyumba zimegeuzwa vyumba vya wageni,
na wageni hawaji na watoto wa kusoma.
Ofisi yasema: wachache. Wahamishwe
ng'ambo ya barabara kuu, kuna ghorofa nne mpya.
Barabara kuu ina malori ya bandarini.
Fomu haina safu ya malori.

Langoni, Mwanakombo wa viazi karai
anifuata kwa macho tangu asubuhi.
"Wapima kuzika ama wapima kushona?"
"Napima tu, Bi Mwanakombo."
"Hakuna kupima tu. Hata sanda hupimwa."
Anifungia viazi vitano, akataa pesa,
mafuta yakapenya mpaka kwenye safu ya tano
na thamani ya kiwanja ikafifia.
Sikuifuta.

Kwenye mwimo wa darasa la kwanza
kuna mistari ya kisu, mmoja juu ya mwingine,
na majina: Fumo. Riziki. Mbwarali. Dzame.
Mwalimu alitupima kila Januari,
mgongo mbaoni, kitabu kichwani.
Najitafuta. Nipo chini ya kiuno changu.
Natoa futikamba:
sentimita mia na nne.
Ndicho kipimo pekee leo ambacho hakikuombwa.

Safu ya saba: mapendekezo.
Kumepigwa chapa tayari:
FUNGA. HAMISHA. BOMOA. Weka alama.
Mwachiro apiga honi.
Narudisha ya risasi mfukoni, nashika ya wino,
na pembeni, pasipo na kisanduku, naandika:

Chokaa. Ilowekwe mwezi mzima.
Boriti moja ya mkoko, futi tisa.
Saruji yote itolewe.
Fundi asiye na haraka.

Hawatapenda. Pengine wataniita ofisini,
pengine watamtuma mwingine mwenye fomu safi.
Honi tena.
Lakini saa nne imefika, milango imefunguka,
mia moja na kumi na wawili washuka kwa mpigo,
na hakuna hata mmoja anayetazama chini
anapokanyaga kile kipandio cha tatu.